Herufi D

Saa nane na dakika kumi na mbili, usiku wa Isevya,
seva ya ushirika wa asali imenyamaza tena.
Haikuzima. Ingezima ningeshukuru:
maiti ina taratibu zake, huoshwa, huzikwa.
Hii taa zake zinawaka, feni inavuma,
ukiigusa ubavuni ina joto la mtu,
ila ukiiuliza jambo
inakutazama.

Naandika amri ya kuorodhesha michakato.
Kumi na saba ina herufi D.
D ni usingizi usioamshika:
mchakato umeomba kitu diskini
umeapa hautageuka mpaka ujibiwe.
Naupiga kwa tisa, ile tisa isiyosamehe.
Tisa inateleza kama maji kwenye jani la yugwa.
D imebaki D.

Kerneli haichoki kuandika:
amri imetumwa, sekunde thelathini, hakuna jibu,
kontrola imeanzishwa upya.
Amri imetumwa, sekunde thelathini, hakuna jibu,
kontrola imeanzishwa upya.
Mistari mia nne ya hivyo,
kama karani wa dirisha la pili:
bado, keti, bado.

Mihambo, aliyenifunza kazi hii,
alitoka reli kabla ya kushika kompyuta.
Treni ikichelewa, alisema,
usianze kwa kulitukana behewa. Uliza njia.
Mimi nililitukana behewa mara mbili.
Diski mbili mpya kutoka Mwanza,
laki tatu na nusu za wenyewe,
zimekaa rafuni na nailoni zake,
na kontrola inakwama vilevile.

Ijumaa ni malipo.
Warina asali elfu moja mia nane na kumi na wawili,
wengine watatoka Kitunda na baiskeli,
na kilo za kila mmoja zimo humo ndani,
nyuma ya mlango ambao bawabu wake kapigwa bumbuwazi.
Nyamizi, mweka hazina, amelala kwenye benchi,
kitenge usoni, viatu kavipanga vizuri.
Chumba kizima kinanuka nta.

Kanuni naijua, nimewafundisha vijana wa VETA:
badili kimoja. Ngoja. Andika.
Ndipo ubadili kingine.
Saa tisa na nusu nikaivunja.
Nikang'oa kebo nyekundu iliyokunjwa nyuma ya kabati,
nikaipa kadi programu mpya ya ndani,
nikapunguza foleni ya amri
kutoka thelathini na mbili hadi moja,
yote matatu kwa pupa,
kama mgonjwa anayemeza vidonge, mizizi na maji ya dua
usiku mmoja.

Ikaamka.
Majina yakashuka kwenye kioo,
Kasanda, Kalunde, Mayunga, Ntabo,
kilo arobaini, kilo sita, kilo mia na tatu.

Fomu ya kamati ina mstari mmoja tu:
Chanzo cha tatizo.
Nyamizi akanipa kalamu. Akangoja.
Nikaandika: kebo.
Kebo inashikika. Mwenyekiti anaweza kuinyanyua
mbele ya mkutano, wakaguna, wakaridhika.
Foleni ya amri utainyanyua vipi?
Kwenye daftari langu, ukurasa wa nyuma,
niliandika neno jingine: sijui.

Ijumaa walilipwa.
Jumamosi usiku nikarudi bila kuitwa,
nikaketi, nikaandika amri ileile.
Hakuna D.
Nikaandika tena. Hakuna.
Nikakaza macho kwenye ile taa ndogo ya diski,
inapepesa, inatulia, inapepesa,
nikihesabu kila inapotulia: moja, mbili, kumi na nne.

Nyamizi anasema aliniita mara tatu mlangoni,
chai inapoa.
Mimi nilisikia moja.